Wanaokuja Bila Kula

Papa Mardochée alikata roho asubuhi, na kabla mwili haujapoa mtaa mzima ulikuwa umeshasema neno moja: leo tutaona.

Hawakulisema kwa ubaya mtupu. Mzee walimpenda. Ujana wake wote aliumalizia relini, kwenye treni za Kabalo, akastaafu, akabaki mtu wa kuketi mbele ya nyumba na kumuuliza kila apitaye kama wa kwao wameamka salama. Moyo wake ulikuwa umechoka siku nyingi, hakuna aliyeshangaa kusikia umesimama. Waliyekuwa wakimngoja ni mwanawe, Ruphin. Ruphin ndiye aliyewaletea lile tangazo. Sasa kifo kimebisha hodi kwake mwenyewe, na watu, tuseme ukweli, walitaka kumwona akimeza kile alichowalisha wenzake.

Tangazo lilikuwa likisomwa redioni na makanisani tangu kipindupindu kiliporudi kando ya ziwa. Mtu akifa, hata kama ni kwa ugonjwa mwingine, azikwe siku hiyohiyo na watu wa nyumba yake tu. Hakuna turubai, hakuna chungu jikoni, hakuna kulala kilio. Ukiwaambia hivyo watu wa Kalemie, ni kama umewaambia wasife. Kilio ndipo mahali ambapo hata yule mliyenuniana mwaka mzima anakuja kulala chini, kwenye mkeka wako. Ukikosa watu siku ya kilio, basi wote wanajua kwamba hukuwahi kuishi na watu.

Na tangazo lenyewe halikutoka hewani. Kilio kimoja karibu na mto Lukuga kilikuwa kimezaa vingine. Watu walinawa katika beseni moja, wakala bukari, ugali wa kwao, na ndagala, dagaa wa ziwani, katika sinia moja, wakarudi makwao na ugonjwa tumboni, hadi Katanika kwenye kambi ya waliokimbia vita. Ruphin aliliona jambo hilo, tena hakuliona kwa macho, aliliona kwa hesabu. Ndiyo kazi yake. Alisoma hesabu Lubumbashi, akaenda kuzimalizia ng'ambo, akarudi na udaktari wa namba usioweza kutibu hata mafua. Alifanya hesabu za mbu wa malaria kule Kabalo, akafanya za surua kule Manono, na sasa alikuwa akifanya za kipindupindu kwao: ugonjwa umetoka kwa nani, unapita wapi, na njia ipi ikizibwa watu wengi zaidi watapona. Mama yake, Mama Kapinga, akiulizwa kanisani mwanawe anafanya kazi gani, alijibu, "Anafanyia waganga hesabu," halafu akabadilisha mazungumzo.

Mtu wa kwanza mtaani kuguswa na tangazo alikuwa Mama Clémence, muuza ndagala wa nyumba ya jirani, ng'ambo ya ua wa matete. Mwanawe wa pekee, Chérubin, alichukuliwa na malaria. Hata machozi hayajakauka, alikuja kumsimamia Ruphin mlangoni.

"Papa Ruphin, ninaomba kitu kidogo. Dada zangu waje, na wamama wa kanisa. Hawatakula. Nitawaambia wasile kitu. Wakae tu na mimi."

"Mama, watu hawaji ku kilio bila kula. Wakishakaa, mutoto atalia njaa, muntu ataweka chungu, na beseni litatokea tu."

"Umewauliza?"

"Sijawauliza. Lakini watu wetu ninawajua."

Mama Clémence alikaza kitenge kiunoni, akaondoka. Chérubin alizikwa mchana huohuo, na mama yake akaketi kizingitini peke yake hadi jua likazama. Usiku ule Papa Mardochée alimwita mwanawe. "Mimi hesabu zako sizijui, na sitazibishia. Lakini siku yangu ikifika, mama yako asikae peke yake namna ile."

"Papa, usiseme vile," Ruphin alijibu. Halikuwa jibu, na wote wawili walijua.

*

Ndani, viti vilikuwa vimeshatolewa. Mama Kapinga aliketi chini, miguu ameinyoosha, kitambaa cha kichwa amekivua. Mume wake alikuwa amelazwa nyuma ya pazia. Mdogo wa marehemu, Papa mudogo Josias, aliyepanda boti kutoka Moba aliposikia kaka yake amezidiwa, alisimama mlangoni akiwa amefunga mikono kifuani.

"Ruphin, turubai litatoka wapi?"

"Hakuna turubai, Papa mudogo."

"Nimeuliza litatoka wapi. Sikuuliza kama liko."

"Tutamuzika leo. Sisi wa nyumba."

Josias alicheka kicheko kikavu. "Kaka yangu amelala chini ku kila kilio cha mutaa huu, mpaka mugongo ukapinda. Leo unataka tumufukie sawa na muntu aliyeokotwa ku ziwa?"

Gisèle, mke wa Ruphin, alikuwa akikanda mabega ya mama mkwe wake. Alisema taratibu, bila kuinua macho, "Papa mudogo, tangazo ni la watu wote."

"Tangazo ni la bwana yako. Yeye njo aliandika."

Ruphin hakujitetea. Ilikuwa kweli, ndiye aliyeliandika. Mama Kapinga alikuwa akimngoja mwanawe akumbuke, na Ruphin alikumbuka vizuri sana, ila hakujua pa kulishika neno lile la baba yake.

Muda si mrefu gari likasimama nje. Aliyeshuka alikuwa Daktari Jean-Marie, mkuu wa kamati iliyopewa kazi ya kupambana na kipindupindu. Alivua viatu, akampa mjane pole, kisha akamvuta Ruphin nyuma ya jiko.

"Pole sana, ndugu yangu. Nimeongea na wenzetu. Kwako tutafumba macho. Fanya kilio chako, kidogo tu. Nitaleta dawa ya maji na vijana wa kunawisha watu."

"Mama Clémence mulimuletea?"

"Nani?"

"Jirani. Amezika mutoto."

Daktari alitazama chini. "Ruphin, wewe ni mwenzetu. Watu wataelewa."

"Wataelewa vizuri sana. Wakiona turubai hapa, kila nyumba itaweka chungu."

Hilo alilisema kwa hesabu, na hesabu ilikuwa sawa. Lakini chini ya hesabu kulikuwa na aibu tu. Aliona jinsi atakavyosimama chini ya turubai huku ng'ambo ya matete Mama Clémence akisikia watu wanaimba. Alimshukuru Daktari, akakataa.

Jiko lile lina dirisha, na Josias ana masikio. Ruphin aliporudi ndani, habari ilikuwa imeshamtangulia. Mama Kapinga alimtazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Walikupa ruhusa?"

"Ndiyo, Mama."

"Ukaikatala."

"Ndiyo, Mama."

"Papa yako alikuomba kitu kimoja."

Mama yake akageukia ukuta. "Basi mumuzike," akasema.

*

Jeneza la mtu mzima ni zito, na nyumba ile haikuwa na wanaume wa kutosha. Siku nyingine, wangegombania kulibeba. Siku hiyo wanaume wa mtaa walisimama kila mmoja mlangoni kwake, kofia mkononi. Ruphin alishika mbele, Josias mbele upande wa pili, na nyuma akashika dereva wa gari la kukodi lililongoja mwisho wa mtaa. Pembe ya nne ikabaki bila mtu. Seremala mmoja, rafiki wa mzee tangu relini, alitoka hatua chache, mkewe akamshika shati.

"Acha," mke alisema, tena kwa sauti ya kusikika. "Ni sheria yao wenyewe."

Gisèle akakunja kitenge na kuishika pembe ile. Mwanamke kubeba jeneza la baba mkwe, mtaa ule haujawahi kuona. Hakuna aliyecheka, na kimya chao kilimuuma Ruphin kuliko kicheko. Alitembea akitazama vumbi la njia, bega likiwaka moto, akijiambia kwamba amefanya sawa. Alijiambia hivyo mpaka makaburini. Huko Josias aliimba wimbo wa kuaga peke yake, na katikati maneno yakampotea, akamalizia kwa kuvumisha sauti tu.

Waliporudi walimkuta Mama Kapinga ameutandika mkeka nje, mbele ya nyumba, pale ambapo turubai lingefungwa. Mkeka mmoja katika uwanja mzima. Alikuwa amevaa nguo nyeusi na kukaa upande mmoja wa mkeka, kama mtu anayewaachia wengine nafasi. Watu walipita njiani, wakapunguza mwendo, wakasema "pole, Mama" kutoka mbali, wakaendelea. Mama Kapinga aliwaitikia wote. Kila baada ya kuitikia alinyoosha ukingo wa mkeka ambao haukuwa umekunjamana.

Ruphin aliketi kizingitini. Hakuwa na uso wa kukaa karibu naye. Ndipo lilipomrudia lile alilokuwa akilikimbia tangu siku Mama Clémence alipomsimamia mlangoni: umewauliza?

Kamati ilikuwa imemtaka afanye hesabu kwa njia mbili. Ya kwanza, kukataza watu wasije kilio kabisa. Ya pili, waje, ila kusiwe na chakula wala beseni la pamoja. Hiyo ya pili ilitegemea jambo moja: katika watu wanaokuja kilio, ni wangapi watakubali kukaa bila kula? Namba hiyo haikuwa kwenye kitabu chochote. Ilibidi mtu atoke aende kuulizia sokoni, makanisani, bandarini. Ruphin hakutoka. Aliona haya hata kuuliza, maana jibu alilijua, yeye si mtoto wa hapahapa? Akaweka sifuri. Na kwa sifuri ile njia ya pili ilianguka kabisa, kamati ikachukua ya kwanza, ikapeleka redioni. Hesabu zote zilizofuata alizifanya kwa uangalifu mkubwa. Alizirudia hata mara tatu. Ila sifuri ile hakuirudia.

*

Jua lilikuwa limeanza kulegea wakati mlango wa ua wa matete ulipofunguka. Mama Clémence aliingia. Mkono mmoja alishika kigoda, mkono wa pili chupa ya maji yenye kifuniko. Alipita mbele ya Ruphin kama anavyopita mbele ya nguzo. Aliweka kigoda karibu na mkeka, akaketi, akaiweka chupa miguuni pake.

"Mama Kapinga, pole."

"Asante, mama yangu." Sauti ya mjane ilikatika. "Lakini unajua hatuna ruhusa. Sina hata cha kukupa."

"Sitaki kitu. Nimekula kwangu. Maji yangu haya hapa."

Wakakaa. Hawakushikana mikono. Baada ya kitambo Mama Kapinga aliinamisha kichwa na kulia, kilio cha sauti kamili, alichokuwa amekibana tangu asubuhi kwa sababu mtu hawezi kulia vile peke yake. Mama Clémence alilia naye. Sauti zao zikavuka matete zikaenda mtaani.

Ruphin aliinuka. Ilikuwa kazi yake kuwatawanya, au angalau kamati ingesema hivyo. Alienda akachutama mbele ya Mama Clémence, mbali kidogo.

"Mama Clémence, asante. Mimi nilikukatalia, na wewe umekuja."

"Sikuja kwa ajili yako." Alijipangusa macho kwa upindo wa kitenge. "Nimerudisha deni la Papa Mardochée."

"Deni gani?"

"Hukuona? Siku nimezika Chérubin, papa yako alichukua kiti chake, akakiweka hapo ku matete, upande wenu. Hakuvuka, juu ya sheria yako. Mimi niko mulangoni kwangu, yeye iko kwake, tunaonana katikati ya matete. Alikaa mpaka giza. Hakula. Gisèle alimuletea chakula, akamurudisha nacho."

Ruphin aligeuka kumtazama mkewe. Gisèle alitikisa kichwa kukubali.

Na Ruphin alikuwa amemwona. Alikuwa amepita palepale akitoka kazini, akamwona baba yake ameketi karibu na ua na moyo wake mgonjwa, akadhani mzee anapunga upepo. Akamsalimia, akaingia ndani kuendelea na hesabu zake. Mtu wa kwanza kuja kilio bila kula alikuwa nyumbani mwake, damu yake mwenyewe, na yeye ameandika sifuri.

Alilia pale, mbele ya wanawake wawili, bila kujificha. Mama Clémence alimwacha alie. Hakumbembeleza.

Kufikia machweo walikuwa wameingia wengine. Yule seremala alikuja na kiti cha kukunja, mkewe nyuma yake na jagi dogo. Wakaja wamama wa kanisa, kila mmoja na kikombe chake amekifunga kwenye kitambaa. Hakuna aliyewapanga. Walikaa wakiacha nafasi kati ya mtu na mtu, wakaimba nyimbo za mzee, na njaa ilipowabana waliondoka mmoja mmoja kwenda kula makwao, wakarudi. Chungu hakikuwekwa. Josias, aliyekuwa amekaa na hasira zake pembeni, ndiye aliyekwenda kulifungia beseni la jikoni chumbani, asije mtu akajisahau.

*

Asubuhi Ruphin alimpigia Daktari Jean-Marie.

"Tangazo lazima libadilike. Watu waje ku kilio, kila muntu na maji yake na kikombe chake, kusiwe chakula. Namba tuliyotumia si sawa."

"Namba gani? Hesabu zako tulizikagua wote."

"Hii hamukuweza kuikagua. Niliiweka mwenyewe, bila kuuliza muntu."

"Unataka tuseme redioni kwamba tulikosea? Kesho nani atatusikiliza tena?"

"Museme mimi njo nilikosea. Mutaje jina langu."

"Kazi yako itaharibika, Ruphin."

"Utaje jina langu, Daktari. Na kama hamutaki, nitaenda kusema mwenyewe kanisani."

Daktari alisema atawaita wenzake, na mchana redio ikasoma tangazo jipya. Jina lilitajwa. Mtaani watu walilisikia wakiwa wameketi pale pale mbele ya nyumba ya marehemu, na kwa muda hakuna aliyemtazama Ruphin, kwa heshima. Tangazo lilipoisha Mama Clémence aliinuka, akachukua kigoda chake na chupa.

"Unakwenda, mama yangu?" Mama Kapinga aliuliza.

"Ninakwenda. Wote wanaokufa sasa watakaliwa kilio. Ni vizuri." Alisimama akitazama upande wa nyumba yake. "Chérubin wangu njo alikufa mapema."

Akavuka ua, akaingia kwake.

Mama Kapinga akaweka mkono chini, akajisukuma, akasimama. Akaanza kuukunja mkeka.

"Shemeji, unafanya nini?" Josias aliuliza. "Mujane hatoki ku mukeka. Hiyo unaijua."

"Ninaijua. Sitoki ku mukeka. Nakwenda nao."

"Kilio cha kaka yangu kitabaki na nani?"

"Kaka yako alikwenda huko mbele yetu wote," alisema Mama Kapinga. "Akafika ku matete tu. Sasa wacha nimufikishe."

Akauweka mkeka begani, akavuka. Hakumwita mtu. Watu walitazamana, kisha seremala akakunja kiti chake, wamama wa kanisa wakainua vigoda vyao, vikombe vyao na chupa zao, na Josias, akinung'unika kwa Kitabwa, lugha ya kwao, akabeba kiti cha kaka yake, kile cha kukalia mbele ya nyumba. Uwanja wa Mama Clémence ni mdogo, wengine waliketi njiani. Mama Kapinga alitandika mkeka mbele ya kizingiti ambacho mwenye nyumba alikuwa amekikalia peke yake, akaketi, akamshika mkono Mama Clémence. Akainua sauti. Hakulia jina la mumewe. Alimlilia Chérubin, kwa jina lake kamili, na wote wakaitikia.

Ruphin alikuja wa mwisho. Alisimama penye matete, mahali pale ambapo baba yake alikuwa ameweka kiti, akashindwa kupita. Watu walimwona. Wimbo uliendelea, ukaisha, ukaanza mwingine.

Mama Clémence ndiye aliyemtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, macho mekundu, halafu akamwonyesha chini, kwenye udongo karibu na mlango.

"Ingia, ukae."

Ruphin aliingia.

"Maji umekuja nayo?"

Ruphin alitazama mikono yake. Kwa haraka ya kuvuka, hakuwa amebeba kitu.

"Hapana, Mama."

"Basi utakaa na kiu," alisema Mama Clémence.

Akakaa.